Sifa Iliyogeuzwa Tusi

Msomaji wangu, muhula uliopita nilisahihisha karatasi za tafsiri za darasa moja, nikakutana na sentensi ya Kiingereza ambayo niliitunga mwenyewe bila kuitilia maanani. Ilisema kwamba mwanamke mmoja, baada ya kukaa mjini miaka mingi, alirejea katika "native village" yake. Wanafunzi wengi waliandika kwamba alirejea katika "kijiji chake cha kienyeji". Kijana mmoja, ambaye Kiingereza chake ni kizuri kupita cha wenzake, aliandika kwamba mwanamke huyo alirejea katika "kijiji chake cha kishenzi".

Niliweka kalamu chini. Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira haikupata mahali pa kukaa. Mtoto wa miaka kumi na sita hazui tusi kama hilo kichwani mwake. Hulipokea. Nami nilikaa kitako nikajiuliza amelipokea kutoka mkono wa nani, na huyo naye alilipokea kwa nani.

Nakuandikia kwa sababu ya swali hilo, na nakuonya mapema kwamba nimekuja kwa ugomvi. Nagombana na mtu anayekufundisha kwamba kila neno la Kiingereza lina maana moja, ukiikariri umemaliza kazi. Nagombana zaidi na yule ambaye amekubali, bila kuulizwa, kwamba neno hili dogo liwe mizani ya kupimia thamani yake.

Neno lenyewe halikuzaliwa na hatia. Asili yake ni Kilatini, "nativus", nalo latokana na kitenzi cha kuzaliwa. Hivyo maana yake ya kwanza ni ya mahali au hali mtu aliyozaliwa nayo, wala si zaidi ya hapo. Katika ukoo wake mna "nation", yaani watu wa uzao mmoja. Mna "nature", yaani hali ambayo kitu kimezaliwa nayo. Na mna "naive", mtu asiyejua hila za dunia. Hili la mwisho ni pacha wake hasa, ila lilipitia malezi ya Kifaransa kabla ya kuingia Uingereza. Ukiwaona leo, mapacha hawa hawafanani, lakini mama yao ni mmoja.

Sasa sikiliza jambo ambalo huenda hujaambiwa. Uingereza ya zama za kati ilikuwa na wanasheria walioandika kwa Kilatini, na wanasheria hao walimwita "nativus" mkulima aliyezaliwa katika utwana, aliyefungwa na ardhi ya bwana wake, asiyeweza kuihama bila idhini. Mkulima huyo alikuwa Mwingereza, na bwana wake aliishi katika nchi ile ile. Kwa hiyo tangu zamani, hata huko kwao, neno hili lilijua njia ya kumwendea mnyonge. Lakini halikuishi katika kazi hiyo peke yake. Shakespeare alimfanya Hamlet, mwana wa mfalme wa Denmark, ajitaje mwenyewe kwa kivumishi hiki hiki bila haya yoyote, kwa kuwa alikuwa akisema habari ya desturi za nchi aliyozaliwa. Thomas Hardy alitoa riwaya mwaka 1878 juu ya kijana aliyeacha kazi yake Paris akarudi kwao mashambani, akaiita "The Return of the Native", na hakuna Mwingereza aliyedhani kwamba kijana huyo ametukanwa katika jalada la kitabu. Hata chaza wana heshima yao: wale waliokuzwa katika pwani za nyumbani, kama wa Whitstable na Colchester, huitwa "natives", na sifa hiyo huwapandisha katika meza za walaji. Kadhalika wataalamu wa madini husema dhahabu ni "native" inapopatikana ardhini ikiwa safi, haikuchanganyika na kitu kingine. Iweke dhahabu hiyo akilini, maana tutairudia.

Basi Mwingereza akisema "my native land", sauti yake hulegea kwa mapenzi. Ndiyo nchi ya mama yake, nyasi alizochezea, kengele ya kanisa aliyoisikia utotoni. Neno lile lile likapanda meli, likashuka katika bandari za Afrika, na liliposhuka lilikuwa limebadili sura.

Afrika Kusini ilipotunga sheria yake ya ardhi ya "natives" mwaka 1913, wazaliwa wa nchi waliachiwa kiasi cha asilimia 7 ya nchi waliyozaliwa. Sol Plaatje alizunguka akaona jamaa wakihamahama na mifugo yao bila mahali pa kusimama, akaandika kitabu cha ushahidi kilichotoka mwaka 1916. Lakini tusiende mbali. Nyumbani kuna mengi ya kutosha.

Hapa Kenya sheria ya kuandikisha "natives" ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, habari za kazi yake na za mwajiri wake. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha chuma, na kikasha kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Wazee walikichukia kikasha hicho, wakasema wamefungwa kengele kama mbuzi. Mtu akikutwa hana, hufungwa au hutozwa faini.

Ni nani aliyehesabiwa kuwa "native"? Ukifuata maana ya neno, jibu ni rahisi: aliyezaliwa hapa. Lakini mtoto wa mlowezi aliyezaliwa Nakuru, akatambaa Nakuru na kusema neno lake la kwanza Nakuru, hakuwa "native" hata siku moja. Na Mwafrika aliyefika jana kutoka Nyasaland, ambaye hajapata hata kuuona Mlima Kenya, alikuwa "native" toka dakika ya kwanza. Wasomali walitungiwa sheria mwaka 1919 ya kuwaondoa baadhi yao katika hesabu hiyo kwa mambo fulani. Mombasa nako, Thenashara Taifa, watu ambao mababu wa mababu zao wamezikwa katika kisiwa kile, walibishana na serikali kwa miaka mingi juu ya upande gani waandikwe. Fikiri, msomaji: neno lenye maana ya kuzaliwa, na watu wanakwenda kwa mawakili kuthibitisha kwamba silo lao! Kuzaliwa kulikuwa kumekwisha kutolewa ndani ya neno kama kiini kinavyotolewa katika yai, likabaki ganda, na ndani ya ganda mkatiwa kodi, kipande, na mpaka wa mahali pa kulala.

Mwaka 1930 ikatungwa sheria ya kuhifadhi ardhi za "natives", nayo iliahidi kwamba ardhi hizo ni za makabila hayo milele. Neno "milele" limo katika sheria. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka 1932 haukwisha kabla sheria haijarekebishwa, ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Nilikuomba uikumbuke ile dhahabu. Dhahabu "native" ikiwa chini ya ardhi ya mtu "native", heshima yote ilikwenda kwa dhahabu.

Hata serikali ile yenyewe mwishowe iliona kwamba neno limeoza. Mabaraza ya wilaya yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924 yalikuwa na jina la "Local Native Councils". Mwaka 1950 yakapewa jina jipya lenye neno "African". Na katika Kiingereza cha leo watu waangalifu hutofautisha matumizi mawili. Neno likiwa kivumishi mbele ya kijiji, lugha au mmea, halimwudhi mtu. Likiwa nomino, mtu akaitwa "a native", linaudhi, kwa sababu limemfuta jina, kazi na akili, likambakiza kuzaliwa kwake tu, kama jani au kima. Tofauti hiyo ndiyo niliyopaswa kuifundisha kabla ya kutoa lile zoezi. Kosa hilo ni langu, nalikiri.

Utasema, "Mwalimu, hayo ni ya kale. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na kipande cha shingoni kilikwisha kabla yake." Ni kweli. Lakini bendera hushushwa kwa siku moja. Neno halishuki mlingotini kwa namna hiyo. Sikiliza tunavyosema Kiswahili chetu wenyewe. "Mwenyeji" ni neno la heshima kubwa: ni mwenye mji, ndiye anayemkaribisha mgeni, ndiye anayejua kisima kiko wapi. Wahenga walisema mgeni aje ili mwenyeji apone, wala hawakumdharau huyo mwenyeji. Sasa litie neno hilo katika sura ya "kienyeji", uone linavyoyumba. Nenda sokoni: kuku wa kienyeji ana bei kumpita mwenzake wa kizungu, na mwuzaji hulitamka neno hilo kwa majivuno. Managu na terere, mboga za kienyeji zilizoachiwa maskini zamani, sasa zimo katika hoteli za Nairobi. Ila ukitoka sokoni ukataja dawa ya kienyeji, pombe ya kienyeji au lugha ya kienyeji, nyuso hukunjamana. Na fundi akiharibu kazi twasema ameifanya kienyeji! Kuku wetu amepata uhuru, lakini lugha ya mama zetu bado. Ndivyo kijana wangu alivyofika kwenye "kishenzi". Alipita njia ambayo sisi wakubwa tumeifyeka.

Mimi mwenyewe niliitembea. Nilizaliwa katika nyumba ya Kikamba, na katika shule yangu ya msingi palikuwa na kibao cha mti chenye uzi. Aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alivalishwa shingoni, naye alikaa nacho mpaka amnase mwenzake. Yule aliyekutwa nacho jioni alipata viboko. Nilikuwa hodari wa kunasa. Nilikuwa nikimchokoza rafiki yangu hata asahau akajibu kwa Kikamba, kisha namvalisha. Sikujua wakati huo habari ya kikasha cha chuma. Nilipoisoma chuoni, nikijifunza ualimu, mkono ulinipanda wenyewe shingoni. Babu wa baba yangu alivalishwa kwa kuwa ni "native", nami nilivalishwa kwa kuwa nimesema "native language". Uzi ule ule! Desturi hiyo imepungua sana, haijazikwa.

Sasa tufike mahali ambapo neno hili limejificha leo, tena limevaa nguo nzuri. Nalo ni "native speaker". Mwaka 1933 Leonard Bloomfield, mtaalamu wa lugha wa Marekani, aliandika kwamba lugha ya kwanza mtu anayojifunza kusema ndiyo "native language" yake, na mtu huyo ndiye "native speaker" wa lugha hiyo. Hapo hamna ubaya. Ni habari ya historia ya mtu, kama kusema amezaliwa Jumanne. Kwa kipimo hicho kila mwanadamu aliyepata kusema ni "native speaker" wa lugha fulani, nawe pia, msomaji. Lakini mwaka 1961 ulifanywa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola hapo Makerere, Uganda, juu ya kufundisha Kiingereza kwa watu ambao kwao ni lugha ya pili, na humo ilitiliwa nguvu imani kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni "native speaker". Ilichukua zaidi ya miaka thelathini mpaka Robert Phillipson akaandika kitabu, mwaka 1992, akaipa imani hiyo jina lake halali, yaani dhana ya uongo.

Kwa nini ni ya uongo? Kwa sababu kuzaliwa na kitu si kujua kukifundisha. Samaki huogelea kuliko sisi sote, lakini hajui kwamba yumo majini. Mwulize mguu uwekwe wapi, hatakuambia. Mwalimu aliyejifunza lugha kwa jasho anajua kila jiwe lililomkwaza, na anaweza kumwonyesha mwanafunzi wake jiwe hilo kabla hajajikwaa. Joseph Conrad alikuwa Mpolandi, alijifunza Kiingereza akiwa mtu mzima katika kazi ya ubaharia, na leo riwaya zake husomwa na Waingereza shuleni. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Mwaka 1971 akatoa "Rosa Mistika", na riwaya ya Kiswahili haikuwa kama zamani. Ni nani atakayemwambia kwamba Kiswahili si chake?

Aah, lakini tunamwambia. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna mikono safi hapa. Mtoto wa Kitui au wa Nandi akikosea "r" na "l", au akisema "hii mtu", tunacheka, tena tunamwambia kwamba Kiswahili ni cha watu wa Lamu na Mombasa, yeye ajitahidi tu apate alama. Kumrekebisha ni wajibu. Kumwambia kwamba hatakuwa na haki katika lugha hiyo mpaka azaliwe upya pwani ni kumvalisha kibao kingine. Katiba ya mwaka 2010 imekiita Kiswahili lugha ya taifa. Haikutaja mahali pa kuzaliwa.

Yangu mwenyewe ni haya. Miaka kadhaa iliyopita niliomba kazi ya kufundisha Kiingereza kwa njia ya mtandao wakati wa likizo, ili nipate fedha za kumalizia nyumba. Nilifanya mtihani wa sarufi, nikafaulu. Nilifanya wa matamshi, nikafaulu. Kisha wakauliza nimezaliwa wapi. Jibu lilikuja usiku ule ule, mstari mmoja, kwamba wanaajiri "native speakers" peke yao. Nilikaa mbele ya ule mstari muda mrefu. Babu wa baba yangu alinyimwa njia kwa kuwa alikuwa "native". Mimi nimenyimwa kazi kwa kuwa si "native". Neno ni lile lile, na ukoo ni ule ule. Kilichodumu katika hali zote mbili ni kwamba aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua kuzaliwa kwetu kuna thamani gani siku hiyo.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Afrika tu. Huko Marekani, katika miaka ya 1840 na 1850, palikuwa na chama cha watu weupe kilichojiita "Native American Party". Kilichukia wageni wa Kikatoliki waliokuwa wakishuka melini kutoka Ireland na Ujerumani, na wanachama wake walijiona ndio wazaliwa wa nchi, ingawa mababu zao nao walishuka melini. Wenyeji hasa, walioikalia nchi hiyo maelfu ya miaka, walikuwa wakifukuzwa kuelekea magharibi. Zaidi ya miaka mia moja ikapita, na tangu miaka ya 1960 jina hilo hilo likahamia kwa wenyeji wenyewe, na sasa limo katika sheria za nchi kwa heshima. Ndipo sikubaliani na mwenzangu anayetaka neno hili lipigwe marufuku madarasani. Lipigwe marufuku la nini? Ukilizika hujui limemfanyia nani nini, nalo litafufuka kwa jina jingine. Mimi nataka ulijue lote, la mtwana wa Uingereza, la chaza, la kipande na la "speaker", ili mtu akikuita kwa neno hilo ujue ameshika lipi mkononi.

Niliwarudishia wanafunzi karatasi zao siku ya Alhamisi, nikaiandika ile sentensi ubaoni, nikawasimulia baadhi ya haya. Kisha nikawaomba watafsiri upya. Mmoja akasema "kijiji chake cha asili". Mwingine akasema "kijiji alichozaliwa". Yule kijana wa "kishenzi" alikaa kimya, ameinamisha kichwa, nami sikumsukuma. Nyuma kabisa akainuka msichana ambaye hasemi sana, akatamka maneno matatu: "Alirejea kijijini kwao."

Nilimpa alama zote. Katika chumba cha walimu mwenzangu mmoja alinipinga vikali, akasema msichana hakulitafsiri neno "native", amelitupa. Nilimsogezea karatasi nikamwomba anionyeshe mahali lilipokosekana. Ameichukua kwenda nayo nyumbani, na mpaka leo hajairudisha.